Swali la Saba

Jumatatu, 6 Mei

Siku kubwa! Daktari Mkuu katuita ofisini kwake, mimi na Nesi Miwani. Viti viwili, kimoja mguu mbovu. Nesi akawahi kile kizima. Ndivyo alivyo.

Daktari kasema kliniki yetu imepewa utafiti. Wanaume na wanawake wazima, wale wenye wapenzi wa jinsia nyingine, wanaokuja hapa kwa magonjwa ya zinaa, vipimo na uzazi wa mpango. Wangapi wanatumia dawa za kulevya kwa starehe? Na je, wanazitumia wakiwa faragha na wenza wao? Eti hawa hajawahi mtu kuwauliza, kwa kuwa kila mtu anawaona ni watu wa kawaida. Nikasema kweli kabisa, wateja wetu ni watu wa heshima zao. Daktari akanitazama juu ya kikombe cha chai, akasema heshima haimo kwenye fomu.

Fomu ina maswali kumi. La saba ndilo lenyewe. Atakayeleta majibu ya kweli, si mengi, ya kweli, ndiye atakuwa Mratibu wa Utafiti. Ajira ya kudumu! Mkataba wangu wa ukarani wa mapokezi unaisha mwezi huu. Nikiikosa nafasi hii narudi dukani kwa shemeji, kaka wa mke wangu, kuuza misumari na kuitwa "kijana" mbele ya wateja. Nina miaka arobaini na minne!

Nimemwambia mke wangu kazi nimepata, bado barua tu. Keshampigia mama yake.

Kwa ajili ya shajara hii peke yake: kila Jumapili mke wangu akienda kumwona mama yake, navuta bangi kidogo nyuma ya stoo. Msokoto mmoja. Hiyo haihesabiki, hiyo ni kupumzisha akili. Mke wangu hana habari. Miaka sita nimeficha kopo juu ya dari ya stoo, wala hajawahi kushtuka. Tatizo langu ni panya tu. Wanaila! Kila wiki kopo limepungua. Sijui mfuniko wanaufunguaje, wala wanaufungaje tena.

Jumanne, 7 Mei

Nesi kapewa chumba chenye mlango. Mimi nimepewa benchi la korido, karibu na mzani. Hujuma hiyo.

Fomu imeandikwa juu kabisa: "Maswali yasomwe kwa uwazi." Nikasoma kwa uwazi. Fundi mwashi mmoja nilimsomea swali la saba hadi watu wa maabara wakatoa vichwa nje. Benchi zima likageuka. Akasema yeye alikuja kuuliza choo kiko wapi tu. Akaenda. Hakurudi.

Nimehoji watu kumi na wawili. Wote wamesema hapana. Mmoja alikuwa ananuka bangi mpaka mimi mwenyewe nikapata njaa, na bado akaapa kwa mama yake mzazi. Uongo mtupu! Sijui watu wamekuwaje siku hizi. Mtu unamwuliza kitu kidogo, tena kwa faida yake, anakukazia macho na kusema hapana.

Nesi kahoji tisa, wanne wamekubali. Nikamwuliza siri yake ni nini. Kasema anauliza, halafu ananyamaza. Hataki kuniambia, basi.

Jumatano, 8 Mei

Nimepata dawa ya tatizo! Swali lenyewe ndilo baya. Maneno "za kulevya" yanatisha watu. Nikayakata kwa kalamu. Sasa nauliza kwa upole, kama mtu anayemjulia hali mwenzake: "Unatumia dawa?"

Watu ishirini na mmoja. Wote ndiyo! Hata mmoja hajabisha!

Mama mmoja mtu mzima anatumia asubuhi na jioni, baada ya kula. Bwana mmoja kasema alianzishiwa na mkewe, tena mkewe humkumbusha kwa simu. Mwingine kasema hawezi kuacha katikati, atakufa. Nikaandika: "Uraibu mkubwa." Watu wazima hawa, na mikoba yao ya heshima! Mimi na msokoto wangu mmoja ni malaika.

Kubwa kuliko yote: nilipouliza wanazipata wapi, kumi na saba wametaja hapa hapa kliniki, dirisha namba tatu! Wanapanga foleni, mchana kweupe! Nimeandika taarifa ya siri kwa Daktari kuhusu yule mama wa dirishani. Nimepiga mstari mwekundu chini yake.

Nimemwambia mke wangu aanze kuniita Mratibu, azoee.

Alhamisi, 9 Mei

Aibu.

Daktari kaisoma taarifa yangu kwenye kikao cha wafanyakazi wote, na mama wa dirisha namba tatu kaketi mbele kabisa. Mama huyo ndiye mfamasia wetu. Ana miaka kumi na minane dirishani pale. Nesi Miwani akainua mkono, akauliza kwa sauti ya chini: dawa gani? Nikafungua fomu zangu. Presha. Kisukari. Kisonono. Vidonge vya uzazi wa mpango.

Wamecheka mpaka mlinzi kaja kuangalia kuna nini. Mfamasia hakucheka. Kasema nikiugua nikatibiwe kwingine.

Daktari kanibakiza baada ya kikao. Kasema ananipa nafasi ya mwisho. Kuanzia kesho upande wangu hakuna kuuliza kwa mdomo: mtu ajaze mwenyewe, bila jina, atumbukize kwenye sanduku lililofungwa kwa utepe wa gundi. Nisilifungue. Yeye atalifungua Jumatatu. Akarudia mara mbili lile la nisilifungue. Nilijisikia vibaya, kama mtu asiyeaminika.

Ijumaa, 10 Mei

Hadi saa nne sanduku lina karatasi tano. Chache mno. Bahati njema mke wangu alikuwa na miadi yake ya uzazi wa mpango. Nikamvuta pembeni, nikamwomba amsaidie mumewe: ajaze fomu, na swali la saba aweke "Ndiyo", kwa ajili ya kazi yangu na heshima ya nyumba.

Kaniuliza kama namtaka aandike uongo. Nikasema uongo mdogo wa kitaalamu. Kasema yeye haandiki uongo, ataandika ukweli. Akachukua kalamu, akanigeuzia mgongo, akajaza muda mrefu kweli. Akageuza hadi nyuma ya karatasi! Kisha akaenda kukaa na Nesi chumbani, mlango ukafungwa. Uzazi wa mpango gani unachukua saa nzima?

Basi hapo kura moja ya "Hapana" imeingia kwangu kwa mkono wa mke wangu mwenyewe. Mwanamke mnyoofu mno, anaweza kumwagisha mtu unga.

Jumamosi, 11 Mei

Nimelifungua. Nilitaka kuangalia tu kama karatasi hazijapata unyevu.

Nyingi ni hapana, kama kawaida ya waongo. Lakini moja! Moja ni lulu. Herufi kubwa za kuchapa. Nimeikariri:

"NDIYO. BANGI. JUMAMOSI, MUME WANGU AKIWA KAZINI. NACHUKUA KWENYE AKIBA YAKE AMBAYO ANADHANI SIIJUI. NACHUKUA KIDOGO KIDOGO ASISHTUKE. SIKU HIYO TUKIWA FARAGHA NACHEKA SANA, NAYE HUDHANI NI VICHEKESHO VYAKE."

Na nyuma ya karatasi: "SIOGOPI BANGI. NIMECHOKA KUJITIA HAMNAZO. NATAMANI ANIAMBIE MWENYEWE."

Jamani! Nimecheka peke yangu hadi mbavu zikauma. Maskini bwana huyo! Anaibiwa ndani ya nyumba yake na hana hili wala lile. Kuna wanaume Mungu kawaumba siku amechoka.

Nikarudisha utepe. Umekaa upande kidogo, hauonekani.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu yote, neno kwa neno. Siri za wateja, najua, lakini mke si mtu wa nje. Alikuwa ameketi kitandani anasuka nywele. Mkono ukasimama. Akaniuliza ningemshauri nini huyo mwanamume. Nikasema ningemshauri abadilishe maficho. Akaniuliza hakuna kingine. Nikafikiri, nikasema na mfuniko aweke kitu kizito.

Akacheka! Alicheka mpaka akajilaza, machozi yakamtoka, akanivuta shati. Jumamosi huwa nina vichekesho sana mimi.

Jumapili, 12 Mei

Panya wamekula nusu kopo. Nimetega mtego mkubwa.

Jumatatu, 13 Mei

Daktari kafungua sanduku. Nesi kautazama utepe, kisha kanitazama mimi. Mtu wa fitina.

Daktari kaisoma ile fomu mara tatu. Kasema ndiyo fomu bora ya utafiti mzima, imemfundisha kuliko vitabu. Imetoka kwenye sanduku LANGU! Nikavuta shati, nikasubiri pongezi. Kasema tu kwamba Jumatano nije kwa usaili, na kwamba kazi hii ataipata anayeweza kuambiwa ukweli.

Nimekaa nawaza: ni nani yule mume? Nimeanza uchunguzi. Jumamosi yuko kazini. Anajiona mjanja. Anasimulia vichekesho visivyochekesha na anadhani watu wanacheka kwa sababu yake. Namfahamu mtu wa namna hiyo. Nitamkumbuka tu.

Jumatano, 15 Mei

Nimevaa suti ya harusi yangu. Kifungo cha kati hakifungi, nikashikilia faili mbele.

Kuingia ndani nikawakuta Daktari, Nesi, na mke wangu kaketi kwenye kiti kizima. Bila shaka kaja kunitia moyo. Nikafurahi sana.

Daktari kasema usaili ni swali moja tu. Anayetaka kuwauliza watu mambo yao ya ndani lazima kwanza aweze kuyajibu yeye. Akanisogezea fomu. Akasema jibu lolote halimnyimi mtu kazi, iwe ndiyo, iwe hapana. Uongo ndio unaomnyima. Na lolote nitakaloandika halitatoka humu chumbani. Kisha akanyamaza. Nesi naye akanyamaza. Kweli huwa ananyamaza yule.

Mtego! Mimi si mtoto mdogo. Mtu anasema "jibu lolote" anapotaka jibu moja.

Mke wangu akanitazama. Hajanitazama vile tangu siku za uchumba. Midomo ilimcheza kama anayetaka kunisaidia kusoma. Nikaona jinsi anavyoitaka kazi hii, pengine kuliko mimi. Nikaapa moyoni sitamwangusha.

Swali la saba. Nikaweka alama kwenye "Hapana". Nikaikoleza. Nikaongeza pembeni "Kamwe", na sahihi yangu, ingawa fomu haitaki sahihi.

Mke wangu akafumba macho. Shauri ya furaha.

Daktari akashusha pumzi, akasema nafasi anapewa Nesi Miwani. Hivyo hivyo, bila maelezo! Upendeleo wa wazi! Nimejibu bila kubabaika, na bado! Jumatatu ijayo naanza dukani kwa shemeji.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa na uchungu, sifichi. Mke wangu hakunilaumu hata kidogo. Tulipofika kwenye ukuta wa shule alisimama, akanishika mkono, akaniuliza kwa upole kama sina jambo lolote nataka kumwambia. Lolote. Hatakasirika. Yuko tayari kwa lolote.

Nikamwangalia. Nikaona kweli, mke wangu anastahili kuambiwa. Nimekaa nalo siku nyingi mno, na kesho kutwa jambo lenyewe lingeweza kumfikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Nikamwambia akae kwanza. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, macho yakimng'aa. Nikapiga moyo konde. Nikamwambia yule mume mjinga wa kwenye fomu, nimeshamjua. Ni kaka yake.

Akaniangalia. Kisha akainamisha kichwa magotini, mabega yakaanza kumtikisika. Nilimwacha alie, nikamsuguasugua mgongo. Nikamwambia tusimwambie shemeji chochote, tumwonee huruma, mambo kama hayo mtu mwenyewe huwa wa mwisho kujua.