Sifuri Mlangoni Kwangu

Kijiji cha Ujamaa Mlimani,
Same, 1975

Ndugu Afisa Elimu,

Natumaini hujambo na kazi za wilaya zinakwenda. Mimi ni Melkizedeki, mkulima wa tangawizi, mtu asiyependa ugomvi.

Mwalimu wetu Tumainieli amerudi kutoka Dar es Salaam alikofundishwa kuandika maagizo ya kompyuta. Kompyuta yenyewe hakuja nayo. Kwa hiyo ametufanya kompyuta sisi, nyumba nne za mtaa wa juu, ili wanafunzi waone inavyokokotoa kitu kiitwacho polinomia. Kila mlango umeandikwa namba kwa chaki. Nyumba ya kwanza inatoa maharage kwa namba yake. Kila inayofuata inapokea ungo wa jirani, inazidisha kwa x, yaani namba anayoitaja Mwalimu siku hiyo, inaongeza namba yake, inasukuma mbele. Hezroni ni 2, mama Eliaichi ni 5, Anaeli wa mwisho ni 4. Mimi, wa pili, ni 0.

Malalamiko yangu:

1. Jumamosi wageni wanapanda kutoka kijiji cha Bendera kumposa binti yangu Rosemary. Watakuta baba yake ni sifuri, tena kwa mwandiko mzuri. Nilimwomba Mwalimu afute. Alinijibu kwa upole kuwa sifuri nayo ni namba. Mbona hakuiandika mlangoni kwake?

2. Binadamu wote ni sawa. Basi na namba ziwe sawa. Naomba polinomia itaifishwe.

3. Maharage ya Hezroni yanazidishwa kwa x mara tatu kabla ya kufika mwisho, naye yuko barazani anakunywa chai. Wenyewe wanaita kipeo cha tatu. Mali inayoongezeka bila jasho mimi naita ukabaila.

4. Jaribio la kwanza x ilikuwa 1, tukapata 11 kama ubaoni, watoto wakapiga makofi. La pili, x ikawa sifuri. Nikaamriwa kumwaga maharage ya Hezroni. Mama Eliaichi akapokea ungo mtupu, akatia yake matano, Anaeli akayamwaga, akatia yake manne. Mwalimu akatangaza kuwa jibu ni sahihi kabisa. Ndugu, tumehenyeka wote, yamebaki ya mmoja, na hiyo ndiyo sahihi? Sipendi kusema watu, ila Anaeli ni shemeji yake Mwalimu.

5. Mke wangu Dorkas akipakua makande anauliza kama sifuri naye anakula. Hili limeniuma kuliko yote.

Naomba Mwalimu ahamishiwe kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, akazidishe samaki.

Wasalimie wote ofisini, na mama watoto, na tarishi mwenye kikohozi.

Ni mimi katika ujenzi wa taifa,
Melkizedeki

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, Mwalimu amepita na polinomia mpya. Inaanzia kwangu, nami ni 9. Ya huko juu usiyasome. Nimefikiri upya, nikaona kipeo si ukabaila, ni uongozi. Wageni nimewatumia salamu waje hata Ijumaa, kabla mvua haijafuta chaki. Sifuri amepewa Anaeli, na nasikia anatafuta karatasi akuandikie. Umjibu kwa upole kuwa sifuri nayo ni namba.