Mlango Uliokwenda kwa Seremala

Jumatatu, 6 Mei
Sheria mpya imepita: marafiki wa binti yangu wakija, mlango wa chumba chake ubaki wazi. Binti, miaka kumi na mitano, alipinga. Baba yake alijificha nyuma ya gazeti. Nimemhesabu kuwa ameunga mkono. Binti akataka ushahidi kwamba mlango uliofungwa huharibu maadili. Swali zuri. Ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu chuoni. Najuta, kwa kiasi.

Jumanne, 7 Mei
Wamekuja watatu. Mlango ukaachwa wazi upana wa ukucha! Zamani alikuwa akijitupa kitandani kwangu na kunisimulia yote, hata yasiyosimulika. Sasa nasikia vicheko tu. Wanacheka nini? Nikapita na nguo za kukunja. Mara sita. Mvulana mrefu wanayemwita Mnara akaniamkia kwa adabu, kisha akauliza kama nguo hizo hazijachoka kukunjwa. Vicheko tena. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nitachukua hatua.

Jumatano, 8 Mei
Nimemwita seremala. Nikamwambia mlango unasugua sakafu, upigwe randa. Akaufungua, akaufunga, akasema, "Mama, huu hausugui kitu." Nikamsihi asikilize vizuri zaidi. Ameubeba mgongoni na kuondoka nao. Nikamwambia asiwe na haraka. Ushindi! Nimekunywa chai vikombe viwili nikilitazama tundu lililoachwa na mlango.

Alhamisi, 9 Mei
Maafa. Wamekuja watano, wakalitazama tundu, wakahamia kwenye chumba changu cha kazi. Kina kitasa. Kina ufunguo. Kina miwani yangu! Nikabisha hodi chumbani kwangu mwenyewe. Wakauliza nani. Nikasema mama. Wakauliza mama yupi. Nikapewa dakika mbili. Mnara alishika saa. Binti akaniagiza niache mlango wazi muda wote nitakaokuwa ndani, maana sheria ni sheria. Mkuki kwa nguruwe, naam. Nilisahau miwani.

Ijumaa, 10 Mei
Nimetega sikio mlangoni. (Uchunguzi, si umbeya.) Mle ndani, sauti yangu! "Tusikimbilie hitimisho, wapenzi wangu." Mnara alikuwa akiniigiza, hata lile koo ninalosafisha kabla ya kukemea. Nikaangua kicheko hadi nikaugonga mlango kwa paji la uso. Wakafungua. Nikamwambia Mnara koo linasafishwa mara mbili, si moja, nikamwonyesha. Wakanivuta ndani niwe hakimu wa maigizo yao. Nusu saa sakafuni! Walipoondoka binti alibaki, akaniegemea begani, akaniambia bila kuulizwa kwamba hesabu zimemshinda na anauogopa mtihani. Tumepanga kuanza kesho pamoja. Sikumbuki lini nilifurahi hivi.

Jumamosi, 11 Mei
Nimetafakari kwa makini. Jumatano mlango uling'olewa. Ijumaa binti akanifungulia moyo. Uhusiano uko wazi. Yawezekana sababu ni nyingine: kwamba nilicheka, kwamba nilikaa chini, kwamba kwa mara ya kwanza sikuwa na sheria mkononi. Nimeipima dhana hiyo kwa haki. Naiona dhaifu. Lakini mlango mmoja ni sampuli ndogo mno. Seremala anakuja saa nne kuchukua wa chumba cha kazi, wa jikoni na wa chumba chetu. Baba wa binti ameteremsha gazeti, akauliza kwa sauti ya kutetemeka kama na wa choo umo. Nimemwomba asiingilie utafiti.