Jumapili Yangu Iko kwa Madamu

Jumatatu, 6 Mei

Samahani, daftari. Tangu Krismasi sijakuandikia hata mstari. Mikono ilikuwa kwenye sabuni, na ikitoka kwenye sabuni inaingia kwenye samaki. Leo nina habari.

Tukiwa tunamenya vitunguu, mwanasheria wa redioni kasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kupumzika siku nzima kila wiki. Ni sheria ya nchi, si hisani. Na kama dini yake ina siku ya ibada, mwajiri aiheshimu. Manang Pacing, mpishi wetu, aliyemlea Madamu Editha tangu hana meno, akahamisha stesheni akaweka mchezo wa mapenzi. Kasema yeye hajawahi kupumzika na bado hajafa.

Mimi ninakufa. Zyrelle wangu yuko Bulacan kwa Nanay, mama yangu. Safari ya basi moja tu. Juzi kwenye simu aliniita Ate. Dada! Mimi niliyemzaa. Nanay ndiye anaitwa mama.

Niliwahi kumwomba Madamu anipe Jumapili za kupumzika. Akanishika bega: "Mylene, wewe ni familia hapa. Familia inapumzika kutoka kwa familia?" Nikarudi kwenye sabuni. Sasa nina akili.

Jumatano, 8 Mei

Nimemwambia Madamu nimehamia kanisa la wanaosali Jumamosi. Kwa upole, macho chini. Akasema heri, Mungu ni mmoja, Jumamosi niende. Jumamosi nitapanda basi la Bulacan. Rahisi kama kumeza mate.

Manang Pacing akauliza tu kama hao si ndio wasiokula nguruwe. Nikasema ndio hao. Akaichukua sahani yangu ya nyama, akanipa biringanya.

Ijumaa, 10 Mei

Biringanya. Jana pia biringanya. Leo mchana Manang kakaanga ngozi ya nguruwe, makusudi, dirisha wazi. Madamu kanikuta nyuma ya tangi la maji, mashavu yamejaa, kidevu kinang'aa mafuta.

Hakufoka. Kasema kumbe dini yangu mpya inatafunika. Jumamosi imefutwa. Manang kacheka mpaka akashika meza.

Jumanne, 14 Mei

Mpango mpya, bora kuliko ule. Zyrelle hajabatizwa. Nimemwomba Madamu awe mama yake wa ubatizo. Ombi hilo halikataliwi. Kulikataa ni kumletea mtoto mkosi. Madamu akienda Bulacan Jumapili, mimi nitabakije? Na tukishakuwa kumare, mzazi na mama wa ubatizo, atanitumaje tena kama hana haya?

Madamu alitokwa na machozi. Nikajisifu moyoni. Manang akaninong'oneza: "Inday, binti yangu, kamba umeisokota mwenyewe, na shingo ni yako." Wivu tu. Hana kumare hata mmoja mwenye gari.

Ijumaa, 17 Mei

Madamu amebadilisha mpango. Ubatizo utakuwa hapa mjini, parokia yake, na karamu hapa nyumbani. Nanay ndiye atamleta mtoto. Eti ni zawadi kwa kumare wake. Amealika mtaa mzima. Nikauliza nani atapika na kuosha vyombo. Akanikabidhi ufunguo wa stoo.

Manang akarudi kwenye sufuria zake. Aliimba.

Jumapili, 19 Mei

Kanisani nilimshika mwanangu. Nyumbani akapita mkono kwa mkono kwa rafiki za Madamu, mimi nikipita na sinia za tambi. Mama mmoja mwenye hereni kubwa akasema mtoto mzuri jamani, mama yake yuko wapi? Huku ananipa glasi yake tupu nikaijaze.

Miguu ikagoma. Nikaweka sinia chini. Nikavua aproni, nikamchukua Zyrelle, nikakaa kiti cha katikati, karibu na nguruwe wa kuchoma. Alilia, akanisukuma kifua kama mgeni. Sikumwachia. Nilimpuliza shingoni polepole, kama alipokuwa mchanga.

Yule wa hereni akaitisha barafu. Nikamwambia kwa adabu kwamba mama wa mbatizwa ni mimi, na mama wa mbatizwa leo amekaa. Nanay akatazama sakafu. Madamu akanitazama mimi, kisha akaenda jikoni, akaleta barafu mwenyewe.

Zyrelle alilala ameshika kola yangu. Sikuinuka mpaka saa ya basi lao.

Jumatatu, 20 Mei

Baada ya kifungua kinywa Madamu kaniita mezani. Nikajua nafukuzwa. Kumbe kasema alipokuwa amebeba ile barafu aliwaza mengi. "Kumare, sema wazi. Ni Jumapili unayotaka? Sema tu, tukubaliane leo hii." Nyuma yake Manang alinikodolea macho, midomo inacheza bila sauti: sema, mpumbavu wewe, sema.

Hapo nikanusa mtego. Nani hutoa kitu hivihivi? Ukiomba wazi unanyimwa wazi. Nilishanyimwa mara moja. Nikatabasamu. Nikasema hapana Madamu, mimi sina shida yoyote.

Manang katupa mwiko kwenye sinki. Kasema hata kuku akifunguliwa banda hutoka.

Hajui nina mpango. Nitaweka nadhiri kwa Bikira: kila Jumapili nikasali kanisa la Bulacan, magotini kutoka mlangoni hadi altareni. Nadhiri haina Madamu wa kuipinga. Jumapili ni yangu kisheria, na nitaichukua kwa akili yangu, sitapewa na mtu.

Nimemwandikia Nanay ampe dereva wa basi haya: gauni la kahawia la nadhiri la marehemu shangazi yangu, Tiya Saling, na kamba yake ya kiunoni. Rozari ya shanga kubwa, ionekane kwa mbali. Picha ya Bikira, ile isiyoungua pembeni. Mafuta ya kuchua magoti, chupa kubwa. Na kwenye simu anitumie sauti ya Zyrelle, akisema lolote, hata kama ni kukataa uji.