Mwezi wa Chembe Katika Mji wa Santa Ramona

Kwa heshima na taadhima, Halmashauri ya Mji wa Santa Ramona ilitangaza Mwezi wa Kuhamasisha Umma Kuhusu Ushahidi wa Chembechembe, na asubuhi ile ile mwanamke mmoja akashuka kwenye basi la kutoka Iloilo, makao makuu ya mkoa, na sanduku la bati mkononi, akauliza chembechembe zenyewe ziko wapi.

Hatukumtarajia. Barua ya mwaliko kwa maabara ya mkoa niliiandika mimi, Elpidio Sumagaysay, Ofisa Msaidizi wa Uhamasishaji kwa mkataba wa miezi sita sita. Lakini niliiandika kama mialiko yote inavyoandikwa, yaani ili nakala ibaki kwenye faili. Nani angedhani huko kuna mtu anayesoma?

"Editha Magbanua," akajitambulisha. "Mtaalamu wa chembe za ushahidi. Mmeniita."

"Karibu sana, Bi Editha. Ila umewahi. Uzinduzi ni keshokutwa."

Nikampitisha kwenye maandalizi. Tulikuwa na mabango arobaini, na kila bango lilikuwa na uso wa Mstahiki Meya Fulgencio Abordo, upana wa mita tatu, akitabasamu na kushika kioo cha kukuzia. Unywele uliokusudiwa kuonekana chini ya kioo haukupata nafasi. Kamati Ndogo ya Unywele ilikaa vikao vitatu juu ya suala hilo, ikapendekeza uso ubaki.

"Na kuna kesi yoyote mnayoifanyia kazi?" akauliza.

"Ipo," nikasema kwa fahari.

Siku tano kabla, Rodelio Tupas, dereva wa pikipiki ya abiria yenye kigari ubavuni, aligongwa na gari mbele ya nyumba ya mama yake. Gari lilikimbia. Rodelio alifia pale pale. Kwa familia lilikuwa pigo, ila kiutendaji lilitokea wakati mwafaka. Mstahiki Meya alielekeza mahali pale pawe Eneo la Mfano. Kwa hiyo pakafagiliwa, gari la zimamoto likapaosha mara tatu, ukingo ukapakwa chokaa na yakapandwa maua.

Bi Editha alisimama. "Mmeosha eneo la tukio?"

"Mara tatu. Maji tulikuwa nayo ya kutosha."

Alifumba macho kidogo. Nikadhani ni uchovu wa safari.

"Pikipiki je?"

Hapo nilikiri kwamba halmashauri ilikumbana na changamoto. Uwanja wa kituo cha polisi ulikuwa umejaa viti vya uzinduzi, hivyo majirani waliikokota pikipiki iliyopondeka hadi barazani kwa marehemu, karibu na jeneza, maana kwetu maiti hukeshewa nyumbani wiki nzima kabla ya kuzikwa. Wazimamoto walifika kuiosha. Lakini nyumba yenye maiti haifagiliwi wala haioshwi mpaka jeneza litoke, na hilo wazimamoto walilijua vizuri, kwa sababu wao pia wana mama zao. Wakanywa kahawa, wakatoa pole, wakarudi na maji yao.

"Nipeleke," akasema Bi Editha.

Tulimkuta Mstahiki Meya ametutangulia. Alikuwa amesimama barazani na ufagio mpya, bado una karatasi ya dukani. Mbele yake alikuwa mama wa marehemu, ambaye mji mzima humwita Nanay Luming, yaani Mama Luming, mfupi, na mikono myeupe kwa unga wa mchele. Msiba ulikuwa wake, lakini waombolezaji lazima wale, na keki za mchele zenye matabaka ya rangi mjini kwetu hapiki mwingine.

"Nanay, ni usafi tu," Meya alikuwa akisema. "Kwa heshima ya kijana."

"Ufagio ukiingia humu kabla mwanangu hajatoka, anayefuata kufa ni wa humu ndani," akajibu Nanay Luming. "Sasa niwe mimi, au wewe mgeni wangu?"

"Meya, kaa chini tukugawie karata!" akapaza sauti mzee mmoja kwenye meza ya waombolezaji waliokesha wakicheza karata. "Ufagio huo kampe mkeo!"

Watu wakacheka. Wote walikuwa wapiga kura. Meya naye akacheka, kwa meno tu, akaondoka na ufagio wake.

Bi Editha alipiga magoti. Kwa kibanio kidogo aliokota vitu ambavyo mimi sikuviona, vingine sakafuni, vingine kwenye bati lililobonyea la kigari, akavitia kwenye bahasha na kuandika juu yake. Kimoja alikiweka chini ya lenzi.

"Nione na mimi," akasema Nanay Luming. Akainama, akatazama kwa muda mrefu. "Mbona ni keki yangu hii?"

"Ni rangi ya gari, Nanay. Kibanzi chake."

"Najua ni rangi. Nasema ina matabaka. Chungwa juu, kisha zambarau, kisha kijani, njano chini." Akainua uso. "Nani anapaka gari lake mara nne?"

Swali hilo halikuelekezwa kwa ofisi yangu kimaandishi, kwa hiyo sikulijibu.

Bi Editha alieleza kwamba kibanzi peke yake hakitoshi. Inatakiwa rangi ya gari lenyewe, ichukuliwe kwa idhini ya mwenyewe, na mtumishi wa mji asaini kuwa ameshuhudia. "Na siku ya kusaini," akaongeza, "huyo mtumishi huwa anashikwa na mafua."

Nanay Luming akanigeukia. "Wewe si mtumishi, mwanangu? Utasaini?"

"Nitasaini, Nanay," nikasema, kwa namna sisi watumishi tunavyosema mambo.

Alinishika mkono kwa mkono wake wenye unga. "Sema tena. Sasa sema kama mtu."

Nikasema tena.

Siku ya uzinduzi watu walijaa uwanjani. Mstahiki Meya alihutubia kwa saa moja na nusu. "Mhalifu hana pa kujificha!" akanguruma. "Chembe moja tu, ndugu zangu, chembe moja inatosha!"

Kisha Bi Editha akapanda jukwaani, akasema kwa upole kwamba anahitaji gari la mtu mwaminifu kwa ajili ya maonyesho.

Kamera ya televisheni ya mkoa ikamgeukia Meya.

"La kwangu!" akasema. "Meya wenu hana cha kuficha!"

Alikuwa na sababu ya kujiamini. Taa ya mbele ya pikapu yake ilikuwa mpya, bampa jipya. Akasaini idhini bila kuisoma, kama anavyosaini kila kitu. Bi Editha akaupita ule upande mpya, akakwangua kidogo ubavuni, karibu na mlango. Kibanzi kikaonekana kwenye skrini kubwa, ile tuliyoikodi ili umma umwone Meya vizuri.

Chungwa. Zambarau. Kijani. Njano.

Umma wetu, naomba iandikwe kwenye ripoti, ulikuwa umehamasika kupita lengo.

"Njano ile ya uchaguzi wake wa kwanza!" akapiga kelele muuza samaki mmoja.

"Kijani, alipohama chama!"

"Zambarau, alipohama tena!"

"Na chungwa ya mwaka jana! Jamani, mzee kajipaka historia yake yote!"

Uwanja ukaangua kicheko. Meya mwenyewe alianza kupunga mkono, akidhani anashangiliwa. Ndipo Nanay Luming akasimama, na waliomwona wakanyamaza, na ukimya ukasambaa mpaka nyuma.

"Hiyo," akasema, "ndiyo iliyo sakafuni kwangu. Chini ya pikipiki ya mwanangu."

"Zima skrini," akanong'ona Meya.

Haikuzimwa. Mtaalamu wa skrini alikuwa amekwenda kunywa kahawa.

Bi Editha alifunga kibanzi kwenye bahasha, akaweka fomu mezani. "Sahihi ya shahidi."

Meya akaniinamia. Jasho lake lilidondokea kwenye ratiba. "Elpidio, mkataba wako unaisha Juni."

"Ndiyo, Mstahiki."

"Unaweza kuisha sasa hivi. Mkiona kesho mezani kwako kuna mtu mwingine, wewe na huyo mama yako anayekutegemea, msishangae."

"Ndiyo, Mstahiki."

Sikuwa na kalamu. Kalamu pekee mezani zilikuwa zile zawadi za uzinduzi, zenye uso wake. Nikachukua moja. Ilikuwa inaandika vizuri, hilo lazima nikiri. Niliandika tarehe, saa, namba ya pikapu na mahali rangi ilipokwanguliwa. Niliandika jina langu lote, na la ukoo wa mama yangu katikati. Nikasaini.

Sehemu ya cheo niliiacha wazi. Fomu rasmi hairuhusiwi kuwa na taarifa za uongo.