Jeti Inayotuelekea

Jumatatu, 11 Agosti

Imetangazwa! Wagombea uenyekiti wa umoja wetu wa wanachuo wa Amu watahutubia umma Ijumaa baada ya Alasiri, kisha wanachama wapige kura. Mwaka jana nilishindwa. Huu ni mwaka wangu wa mwisho chuoni. Nikishindwa tena, basi tena! Lakini sikupewa jina la Khatib ili nikauze vitumbua. Mada yangu: miale ya gama itokayo kwenye mashimo meusi makuu, katikati ya galaksi zenye harakati.

Mpinzani wangu ni Wafaa, binti wa ami yangu, asomeaye udaktari wa meno. Atazungumzia kupiga mswaki. Mswaki! Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya asali, ni nani atakayeacha kahawa yake aje kusikiliza habari za shimo asiloliona. Nikamjibu kwamba historia itamhukumu. Akasema haidhuru, ila nisisahau kula.

Jumanne, 12 Agosti

Istilahi! Istilahi imenitesa kutwa. Shimo lenyewe halitoi nuru. Vinavyolizunguka ndivyo viwakavyo, na baadhi yake hurushwa nje kwa mmiminiko mwembamba wenye kasi ya ajabu. Mmiminiko huo ukielekea kwetu, miale yake ya gama huwa na ukali usiosemeka. Niuite nini? “Mchirizi”: watadhani mtaro wa mtaa wetu wa Mkomani. “Mkondo”: watadhani bahari. Uamuzi: jeti. Neno fupi, la kisasa, lisilo na utata hata chembe!

Bango liko tayari: JETI KUBWA YENYE NGUVU YATUELEKEA SISI! NJOONI MUJUE UKWELI WAKE. Nimebandika Mkomani kote, na pale boti za Ras Kitau zishushapo abiria.

Jumatano, 13 Agosti

Mama amelisoma bango. Akauliza kama ni kweli yatuelekea. Nikamwambia moja kwa moja, wala haipindi. Akasema alhamdulillahi, magoti yake yamechoka. Nimeguswa. Sikujua kamwe kwamba magoti ya mama yana maoni kuhusu falaki.

Alhamisi, 14 Agosti

Bwana Gharib, nahodha wa boti ya Ras Kitau, amenishika mkono mbele za watu. Amenipongeza. Kasema wao wamelililia jambo hili tangu ngazi zilipobomoka. (Ngazi zipi? Shabiki hakatizwi.) Akauliza urefu wake. Nikamwambia: maelfu ya miaka ya nuru. Akaguna kwamba miaka si neno, kungoja wamekuzoea. Ataleta manahodha wenziwe wote. Wafaa kwisha!

Ijumaa, 15 Agosti

Ukumbi ulifurika! Walikaa hadi madirishani. Nikapaa. Nikanguruma kwamba shimo halina nuru. Nuru hutoka kwa wale wazungushwao kabla ya kumezwa, na je, enyi wananchi, si ndiyo hali yetu? Makofi! Ndipo Bwana Gharib aliposimama.

“Khatib mwanangu, maneno matamu. Sasa jeti yenyewe, hilo gati la boti zetu, itajengwa upande upi?”

Nikamfafanulia kwamba haijengwi. Iko mbali mno, na hewa yetu, kwa rehema ya Mola, huizuia miale yake isitufike.

“Basi jeti haiyi?” akauliza Bi Ruqaiya, jirani yetu, aliyeteguka mguu kwenye ngazi za kushukia abiria.

“Haiji, Bi.”

“Na mguu huu nimeukokota kuya kuambiwa haiyi!”

Sauti ikatoka nyuma: “Muulizeni, hilo shimo lake ndilo lililoimeza?”

Kicheko! Nikawaambia kwamba upeo wao unaishia kisiwa cha Manda, hapo ng'ambo. Mama akavuta buibui lake, akatoka, yeye na magoti yake.

Wafaa akapanda na mswaki mkononi. Akautia mkobani. Akauliza tu ni nani mwingine aliyeanguka ngazini. Mikono kama mikoko! Akawaomba waandamane naye hadi ofisi za serikali Jumatatu kudai jeti itengenezwe. Hakutumia hata tashbihi moja! Akachaguliwa. Nami nilipata kura moja, wala sina shaka ni ya nani.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimejihoji kwa unyofu mkubwa. Kosa si langu. Ni la neno.

Wafaa amekuja na mikate ya mofa kumpoza mama. Kisha akaniomba niwe msemaji wao huko ofisini. Kasema sauti ninayo. Nilichokosa ni mtu wa kunikatiza. Nimekubali, kwa sharti kwamba nipewe ukumbi Ijumaa ijayo. Mashimo meusi mawili yakigongana, hulitikisa anga zima na kupeleka mawimbi hadi huku kwetu. Mada adhimu! Na safari hii nimechagua neno alijualo kila mtu wa visiwani tangu utotoni. Bango limekwisha kuandikwa, kwa wino mwekundu: MAWIMBI MAKUBWA YATAFIKA AMU IJUMAA. KAENI TAYARI.

Gundi ingalipo. Nitaanzia jetini.