Profesa na Diski ya Bei Chee

Profesa, fundi wa kompyuta wa mtaani ambaye shule yenyewe ilimshinda darasa la saba, alichungulia dirisha la studio ya picha akamwona mwenye studio, Mama Picha, ameshika kichwa mbele ya kompyuta iliyokwama. Moyo ukamruka kwa furaha. Huruma yake huwa hivyo.

"Shikamoo mama! Hiyo diski yako ya SSD ni ya bei chee, eti? Programu yake ya ndani imezeeka. Naisasisha dakika tano tu."

Kusasisha alijua. Alichojua zaidi ni kuiua diski katikati ya kazi, kisha kuuza huduma ya kuifufua. Wateja hulipa huku wanalia, na wengine humshukuru kabisa.

"Marahaba. Humo mna picha za harusi tatu," alisema Mama Picha. "Tusizinakili kwanza?"

"Kunakili ni woga, mama!" Aliyenakili, aliwaza, ana haja gani ya kufufuliwa diski?

"Na umeme ukikatika katikati?"

"Haidhuru hata chembe!"

"Haya baba, umeniridhisha. Nina kompyuta sita, zote nakupa. Ila anza na laptopu yako, nione kwa macho yangu."

Sita! Profesa akameza mate. Laptopu yake ndiyo iliyomlisha: humo mlikuwa na miaka tisa ya kazi ya kuchora mihuri ya bandia, nakala moja tu, na betri ilishakufa zamani. Lakini akikataa ataonekana mwongo, na uongo anauchukia sana kwa watu wengine. Basi safari hii, akajiambia, nitafanya kazi vizuri. Akachomeka waya ukutani, akaanza.

Asilimia arobaini. Mama Picha akanyoosha mkono, akazima swichi ya ukutani. Kioo kikawa cheusi.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nahakikisha lile la umeme. Mdogo wangu, yule mshonaji, umemfufulia diski mara mbili."

Profesa akairudisha swichi, akawasha tena. Laptopu ikaitafuta diski, isiione.

"Uwiii! Mihuri yangu!"

"Pole, baba. Mihuri gani tena?"

"Ya shule! Ya hospitali! Ya mahakama, niliyoitengeneza mwezi mzima!" Akakaa sakafuni, analia kwa kwikwi.

Mama Picha akamsogezea kiti, akairekebisha taa.

"Futa machozi, kisha rudia hiyo ya mahakama polepole," alisema. "Kamera ilikuwa haijakaa sawa."