Ungo Wangu wa Kwenye Kompyuta na Tangazo la Tatu la Ndoa

Karakana ya Parokia,
Ifakara.
12 Agosti, 1998

Kwa Baba Paroko,

YAH: KURUKWA KWA TANGAZO LA TATU LA NDOA YANGU

Tumsifu Yesu Kristo. Baba, ni mimi Ponsiano, fundi wako wa karakana, mchumba wa Febronia wa Katindiuka. Ulitutangaza Jumapili mbili. Ya tatu ukaturuka, kwa kuwa Mzee Antoni, mwenyekiti wa jumuiya, amekuletea habari kwamba tunarusha ungo kama wachawi. Baba, ni kweli tunarusha, ila ndani ya kompyuta. Nimeumia sana, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta ya karakana ina programu ya kuchora ndege na kuirusha kwenye kioo. Mkiani mwa ndege kuna kibao kinachoinuka na kushuka ili pua ipande au iiname. Kwa Kiingereza ni eleveta. Nikaulizia Kiswahili chake, nikaambiwa eleveta ni sanduku la kupandishia watu ghorofani Dar es Salaam. Sasa hilo nilifunge mkiani?

2. Ndege yangu ilianguka mara thelathini na moja. Siku Febronia aliponiletea wali, aliitazama akasema kibao ni kidogo, tena nakiinamisha kama mtu asiyejua kupepeta mpunga. Nikakipanua kama ungo wake, nikakiita Ungo. Ikapaa! Nikapiga kelele kwa furaha kwamba ungo wa Febronia umeruka. Dirisha lilikuwa wazi, na Mzee Antoni alikuwa nje akisubiri baiskeli yake izibwe pancha.

3. Rubani wa ndege ya misheni naye ana ungo huohuo mkiani. Yeye akitua mnampigia vigelegele na kumkaribisha chai.

4. Kama ungo ni ushahidi, basi zikusanywe nyungo zote kuanzia hapa hadi Lupiro, tule wali na makapi yake, tukianzia mezani kwako.

Baba, nakuomba Jumapili hii ututangaze. Nampenda huyu binti kuliko hata hiyo ndege. Nakuhakikishia hakuna aliyenyanyuka kwenye kiti.

Nisalimie Masista wote, katekista, na Odilia wa jikoni.

Mwanao, kwa unyenyekevu na hasira kidogo,
Ponsiano

N.B. Mwambie Mzee Antoni bati la nyuma ya nyumba yake limeng'oka. Tuliliona jana tulipopita juu.